Sauti ya Mama Kwenye Spika ya Darasa

Mwenzangu wa chumba kimoja,

Sikuulizi habari. Habari zako nazipata: uko Arusha, kwenye shirika moja, unazunguka vijijini kuhoji watu, na kila anayekufahamu anasema una kipaji cha kuwafanya wafunguke. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu, na hakikuwa kicheko cha furaha. Kipaji hicho najua ulikojifunzia. Ulijifunzia kwetu Mungaa, kwa mama yangu.

Nakuandikia hadharani, ila jina lako sitalitaja. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba jina likifichwa hakuna aliyeumizwa. Haya, tuone.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe kitanda cha juu, mimi cha chini, wote wawili sosholojia, na wenzetu wa uhasibu wakituuliza tutaajiriwa na nani. Tulibishana kuhusu ndoa, familia na umaskini kana kwamba ni mambo ya watu wa mbali. Mwaka wa tatu ukakwama. Utafiti wako ulihusu wanawake wanaolea watoto peke yao, na hukuwa na pa kwenda. "Twende kwenu," ukasema. Nikampigia mama simu. "Mlete," akasema, "kuku wapo."

Ulifika ukapiga goti, ukamshika mkono kwa mikono miwili, "Shikamoo mama." Nilikufundisha ndani ya basi tangu Singida mjini, na ukafanya vizuri kuliko hata mimi. Mama alikuchinjia jogoo aliyekuwa anamtunzia mjomba. Ugali wa mtama ulikushinda siku ya kwanza, baadaye ukawa unaomba kuongezewa. Ulipoondoka akakupa kitenge alichonunua kwa Mhindi pale mjini, kitenge chake mwenyewe, hajawahi hata kukishona. Akasema sasa ana mabinti wawili. Nilifurahi, wewe! Nilifurahi kweli.

Kuna mchana mmoja nilikwenda mashine kusaga. Niliporudi niliwakuta jikoni, macho yenu mekundu. "Moshi," mama akasema. "Huu moshi jamani," na wewe ukasema, ukajifuta. Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Siku ya kuwasilisha ulikivaa kile kitenge, umekishona gauni. Ukasimama mbele ya darasa zima, ukasema, "Sasa tumsikilize Mhojiwa Namba Sita," ukabonyeza simu, na sauti ya mama ikatoka kwenye spika. Mwanzoni sikuelewa mama anafanya nini mle ndani. Ukasikika ukimuuliza kama unaweza kurekodi, naye akajibu kwa ile sauti yake ya kukaribisha wageni, "Rekodi tu mwanangu, ukifika kwenu mama yako naye anisikie." Watu wakacheka. Mama alidhani anamtumia mama yako salamu.

Halafu akaanza kusimulia. Alichosimulia sitakiandika hapa, kimesharudiwa vya kutosha. Wewe unakijua, darasa linakijua. Ni jambo la wakati mimi nikiwa mchanga, linanihusu, na mama hakuwahi kuniambia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimsikia mama yangu analia, na kulia na kushoto kwangu wenzangu wanaandika. Mwishoni Kiswahili kikamwishia, akasema maneno machache kwa Kinyaturu. Mhadhiri akauliza, "Hapo anasemaje?"

Nawe bila haya ukanigeukia. "Huyu ni wa huko huko. Hebu tutafsirie."

Hebu tutafsirie! Ulijua ni nani yule. Ulikula kwake, ulilala kwenye shuka zake. Nikasimama. Nikasema, "Anamkaribisha mgeni chakula." Ukatabasamu, ukaliambia darasa kwamba huo ndio ukarimu wa wahojiwa wa vijijini, na mhadhiri akaitikia kwa kichwa.

Nilipokuvaa pale nje ulinijibu, "Acha kupaniki bwana. Jina si sijalitaja? Halafu aliniruhusu mwenyewe." Ni kweli. Somo la maadili ya utafiti tulisoma wote: omba ruhusa, ficha jina. Ulifuata yote na alama ukapewa. Lakini mama hakumruhusu mtafiti. Alimruhusu mtoto aliyepiga goti mlangoni kwake. Mtu akikukubalia kwa sababu anakupenda, ruhusa ya namna hiyo unaipelekaje darasani? Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka, na sitaki kuambiwa nisamehe.

Mimi sasa nafanya kazi Kiomboi, na mwisho wa mwezi nakwenda nyumbani. Tunakaa na mama tunamenya karanga, ananipigia hadithi za majirani, nami namtazama usoni nikijifanya sijui ninachokijua. Siwezi kumuuliza. Siwezi hata kumwambia pole. Nikimwambia najua, atajua pia nimejulia wapi, na atajua kwamba chumba kizima kilimsikiliza akilia. Zamani sikuwa na la kumficha mama yangu. Hilo ndilo ulilolichukua, na huwezi kulirudisha kwa kuniomba radhi.

Safari iliyopita aliniuliza, "Yule mwenzako mbona haji? Mlikosana?"

"Amebanwa na kazi, mama."

"Mwambie jogoo yupo," akasema. "Yule mtoto anajua kusikiliza."

Nikainama nikaendelea kumenya. Yaani nakutetea wewe ili nimlinde yeye! Basi ujumbe wa mama umekufikia, na wangu ndio huu: usije. Jogoo huyo hutamla. Na kitenge kile ukishakichoka usikigawe, kitume Singida stendi, nitakifuata.

Limebaki jambo moja la kitaaluma. Tafsiri niliyotoa siku ile haikuwa sahihi, kwa hiyo utafiti wako una kosa, nami nalirekebisha leo. Mama hakumkaribisha mtu chakula. Alisema hivi: "Haya tuyaache hapa hapa jikoni. Mwanangu asije akayajua."

Kwaheri, na ya kuonana sikupi.

Ni mimi,
Mtoto wa Mhojiwa Namba Sita