Saa Kumi na Nne Kutoka Moscow

Kibondo, 6 Januari 1978

Mwanangu Kipriani,

Mwakeye, hujambo huko? Sisi tunapumua, ila mama yako Maximilla hajainuka kitandani tangu Krismasi. Hospitali wamesema moyo umechoka. Hawakusema zaidi, nami sikuwauliza. Anataka kukuona. Anauliza huko Moscow unakosoma ni mbali kiasi gani. Nimemwambia mimi najua mbali kwa miguu tu: nilipokwenda kukata mkonge Tanga, siku ya nne tulilala Kasulu, ndipo tukaitafuta reli. Hayo ya ndege tueleze wewe msomi.

Baba yako,
Tharsisi

Moscow, 11 Februari 1978

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna. Barua yako imetembea mwezi mzima, lakini mimi sitachukua mwezi. Mwambie mama kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni kilomita elfu saba, na ndege inazimaliza kwa saa kumi na nne, pamoja na kutua Cairo kutia mafuta. Nikila cha jioni huku, cha mchana nakula Dar. Chuo kimeniruhusu, naondoka 18 Machi. Treni siku mbili, gari siku moja. Mama anisubiri.

Mwanao,
Kipriani

Kasulu, 26 Machi 1978

Baba,

Shikamoo, na poleni na Pasaka ya mvua. Mama anaendeleaje? Nipo Kasulu siku ya tatu. Malagarasi umepanda juu ya daraja, malori yote yamelala hapa. Nimekaa chumba cha wageni kwa Mzee Isihaka, natazama ukuta, kila asubuhi naambiwa labda kesho. Nataka kulia, baba. Moscow nimeiacha kwa saa kumi na nne, na nyumbani pananishinda.

Barua hii anakuja nayo jirani yetu Bazilio. Amechoka kungoja, anakuja kwa miguu, mtoni atavushwa kwa mtumbwi. Alinishawishi twende wote. Lakini nina sanduku kubwa na viatu vya mjini, na dereva ameapa Jumatano tutapita.

Mwanao,
Kipriani

Kibondo, 1 Aprili 1978

Kipriani mwanangu,

Leo sikuulizi hali. Bazilio alifika Alhamisi, matope mpaka mapajani. Mama yako aliposikia hatua akasema ni wewe. Tukamwambia ni Bazilio. Akamwita karibu, akamshika mkono, akamuuliza, "Kipriani amekusindikiza mpaka wapi?"

Bazilio akanitazama kwanza, kisha akasema, "Mpaka mtoni, mama. Yupo nyuma yangu."

Basi mama yako akaniagiza nibandike maji ya kukuosha miguu. Yakapoa, nikabandika tena. Alifariki Ijumaa asubuhi, maji yangali jikoni. Tumemzika leo.

Nina uchungu, na hasira ninayo, sikufichi. Bazilio ameniomba nisikuambie alivyosema, lakini mimi siwezi kukaa nalo peke yangu.

Barua hii anakuja nayo kijana wa jirani, Venanti, kwa miguu. Wewe ngoja gari lako. Sasa huna haraka.

Baba yako,
Tharsisi