Mfuko wa Mtu Asiye na Haraka

Ixelles, Brussels
Jumapili, mwezi wa kumi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa magoti kama ulivyonifundisha, ingawa huku nimeketi jikoni na hakuna anayeniona. Umeamkaje? Mguu unaokusumbua wakati wa mvua umetulia kidogo? Na macho, daktari amesemaje safari hii? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mjukuu wako Jémima amenipita kimo tangu Pasaka na sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba. Baridi imeshaingia, lakini hiyo si habari ya kumwandikia mtu.

Nawe Éliézer, mdogo wangu, unayemsomea Mama barua hii, nakusalimu pamoja na wifi yangu na watoto. Ila nakujua vizuri. Nilipoandika kwamba Baba mdogo amefariki, mistari ile uliiruka, Mama akaja kuipata habari sokoni kwa wauza ndizi. Leo nakuomba usiruke hata neno moja, hata ukifika mahali utakapotamani kuruka.

Mama, utajiuliza kwa nini ninaandika wakati simu ipo. Kwa simu sijaweza. Kila nikianza, unaniuliza nimekula nini, najibu, tunacheka, mtandao unakatika. Basi barua hii nimempa Maman Cécile, yule mwenzangu wa kazini, anayekuja Bukavu kwa arusi ya mpwa wake. Mpokeeni vizuri, na msimwache aanze kusimulia kabla hajanywa chai, maana hatamaliza.

Wiki hizi nimekuwa roho juu. Sababu yenyewe ukiisikia utacheka. Nyumba ya wazee ninapofanya kazi imetuanzishia pensheni ya kazini, juu ya ile ya serikali. Kila mwezi tajiri anatuwekea kitu, lakini ni sisi wenyewe tunaopaswa kuchagua fedha hizo ziende kwenye mfuko gani. Wakatuletea kijana mmoja wa Kiflamandi, Stijn, mpole kabisa, akatueleza yote katika chumba cha kulia. Alisema fedha za watu wengi zinakusanywa pamoja, kisha wataalamu wanazifanyia kazi. Mfuko wa kwanza unazikopesha serikali; unakua polepole na haukutishi. Wa pili unachanganya wa kwanza na wa tatu. Wa tatu unanunua vipande vya makampuni, ndizo hisa. Huo unapanda na kushuka, na mwaka mbaya unaweza kukupotezea hata robo, lakini mtu akiuacha miaka mingi ndio unaozaa zaidi.

Maman Cécile, ambaye ndiye mshika fedha wa likelemba yetu, alisikiliza kwa makini sana. Kisha akanyoosha mkono akauliza, “Bon, mwezi ya kwanza, nani atakula?” Nikalazimika kumfasiria Stijn kwamba kwetu watu wakichanga pamoja, kila mwezi mmoja anazichukua zote, na ndivyo tunavyosema, anakula. Yule kijana akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema hapa hakuna anayekula mpaka azeeke. Cécile akaniegemea akanong'ona, “Sasa hii ni likelemba ya wafu.” Tulicheka mpaka mkubwa wetu akatukazia macho.

Nimecheka, Mama, lakini kosa langu mimi lilikuwa kubwa kuliko lake. Tulipewa maswali ya kujibu ili watushauri. Moja liliuliza utahitaji fedha hizi ukiwa na umri gani. Bila hata kufikiri nikaandika hamsini na tano. Wewe unajua kwa nini. Ni umri ambao siku zote nimekuambia nitarudi, nijenge kwenye kile kiwanja cha mtaa wa Panzi nilichonunua kwa mishahara yangu ya kwanza, tukae wote wawili, wewe na mimi, tukipeta maharage barazani.

Stijn akanifuata nikiwa peke yangu. Akasema kwa heshima kwamba haiwezekani. Sheria ya huku inazifunga fedha hizo mpaka siku serikali inapokupa pensheni, na kwa umri wangu ni miaka sitini na saba. Nikiacha kazi nikarudi nyumbani mapema, zitabaki hapa zikinisubiri. Hapo nilimkasirikia mtoto wa watu bure. Nilimwuliza ni fedha gani hizi za kwangu ambazo siruhusiwi kuzigusa, na nani amemwambia kwamba nitazeekea kwenye mvua hii. Akakunja karatasi zake, maskini. Halafu akaniambia tuna mpaka mwisho wa mwezi kuchagua, na kwamba kwenye simu ninaweza kubadilisha mara nyingi nitakavyo.

Afadhali asingeniambia hilo. Asubuhi nikiwa kwenye tramu nilichagua mfuko mpole, maana mtu anayetaka kuondoka hataki mambo ya kupanda na kushuka. Niliposhuka kituo cha Flagey nikajiona mjinga, nikaweka ule wa hisa. Jioni nikarudia ule wa katikati. Nilikuwa nikipiga deki nasimama katikati ya maji na simu mkononi. Wali uliungua, na wewe unajua mimi siunguzi wali. Wahenga walisema njia mbili zilimponza fisi, na mimi fisi nilikuwa sijui hata nanusa nini.

Siku moja Jémima alinikuta hivyo akaniuliza shida ni nini. Nikamweleza kwamba sijui nitarudi kwetu lini. Hakuinua hata kichwa kwenye daftari lake. Akasema, “Maman, kila fois unasema kwetu, kwetu. Alors, huku ni kwa nani?” Nilimwambia akaoshe vyombo. Lakini swali lile lilibaki jikoni baada ya yeye kuondoka.

Nikuambie na jambo jingine. Kati ya wazee ninaowahudumia yuko bibi mmoja Mbelgiji, Renée, aliyefundisha shule huko Bukavu enzi za ujana wake. Siku hizi amesahau mengi, hata majina ya watoto wake, ila Kiswahili cha kwetu hakijamtoka. Kila asubuhi nikimvalisha soksi ananiuliza, “Mutoto, motokari ya Bukavu ilishafika?” Nami ninamjibu, “Itafika kesho, Maman Renée.” Anafurahi, ananyoosha mguu wa pili. Hiyo ndiyo kazi yetu, hatuwabishii.

Alhamisi aliniuliza tena. Nikafungua mdomo nimjibu kesho, nikasikia sauti yangu mwenyewe, na ilikuwa sauti ileile ninayokusemeshea wewe kwenye simu. Mwaka ujao, Mama. Jémima akimaliza shule, Mama. Nilikaa chini kando ya kitanda na soksi mkononi, nikalia, mpaka bibi wa watu akaanza kunifuta machozi kwa shuka.

Éliézer, ni hapa. Soma polepole.

Mama, sirudi kuishi Bukavu. Si kwa sababu ya sheria ya pensheni, wala si kwa habari za mji tunazozisikia kila siku. Nimekuwa nikijificha nyuma ya hizo. Ukweli ni kwamba mtoto wangu yuko hapa, kazini kwangu yuko anayeningoja kila asubuhi, na nikipanda tramu jioni mwili wangu unajua pa kushuka bila kuniuliza. Sijui jambo hili limetokea lini. Naona aibu kukuandikia, kwa sababu umelima maharage kwenye kiwanja kile miaka yote hii ili asitokee mtu wa kusema hakina mwenyewe, na ulikuwa unanilindia mimi. Nikifikisha umri wa kuzila fedha zile, wewe utakuwa na miaka tisini na mitatu. Siwezi kukuambia tena unisubiri. Nisingemfanyia hivyo hata adui.

Usiku wa Alhamisi ile nilichagua mfuko wa hisa. Stijn alikuwa amesema ule ni wa mtu asiye na haraka, asiyeuchungulia kila siku. Tangu hapo sijabadilisha. Moyo haujatulia bado, sitakudanganya, lakini simu nimeiacha mezani.

Sasa kiwanja. Nakitoa kwa Éliézer, na hati yenyewe iko kwa Maman Cécile, nimeshaitia sahihi. Ndugu yangu, hujawahi kuniomba, hata siku moja, na umekaa na watoto wako kwenye nyumba ya kupanga kule Kadutu, kwenye mteremko ambao kila mvua unachukua ukuta wa mtu. Nilikuwa naona picha unazonitumia, nasema pole, kisha nakaa juu ya kiwanja changu cha kurudi kesho. Jenga. Anza na chumba cha Mama, kiwe karibu na jiko ili asitembee sana. Kisha vya watoto. Changu usijenge. Nikija kuwatembelea nitalala na Mama kitanda kimoja, kama mgeni wa kike anavyolazwa.

Wasalimie wifi na watoto, wamama wa kwaya, na jirani yetu wa mashine ya kusaga ambaye bado ananidai kicheko kwa utani wake wa mwisho. Jémima anakusalimu sana wewe nyanya yake, anasema atakuja nami likizo na nimwonyeshe hayo maharage. Mungu awalinde na mvua hizi.

Mama, ukishasomewa yote, nipigie. Si lazima unijibu kuhusu haya. Ukiona maneno yamekuwa magumu, niulize tu nimekula nini.

Mimi mtoto wako akupendaye,
Mignonne