Nilisikia Kabla Gogo Halijaanguka

Nyamitanga, Mbarara

Mama yangu mpendwa,

Utanisamehe leo nikitanguliza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, salamu zifuate. Tangu niingie sekondari, mwaka wa tatu huu, nimewaambia wenzangu wote kwamba sijui Kiswahili. Nimeshaandika kwa wino, basi lazima niendelee.

Sasa nakusalimu, Mama. Kifua chako kimepoa? Maharage yameota, au mvua imewachezea tena? Baba bado anashinda shambani akifukuza ngedere? Mimi ni mzima, ila magoti yamechubuka na sauti imekauka, na sababu utaiona. Nimeona heri niandike, kwani simu ya jirani husikilizwa na nyumba nzima. Soma kwanza peke yako.

Uongo wangu ulianza muhula wa kwanza kabisa. Shuka la msichana mmoja lilipotea bwenini, na Doreen, aliyelala kitanda cha juu yangu, akasema, "Tafuteni anayejua Kiswahili. Hiyo ni lugha ya wezi na askari." Wote wakacheka. Waliponiuliza natoka wapi nikajibu Isingiro, ambayo si uongo, kwa kuwa kambi yetu ya Nakivale iko Isingiro. Kinyankore changu wanakisifu. Hakuna aliyeuliza zaidi, nami nikajificha humo kama vile ninavyojificha kwenye vitabu.

Likizo hii shule imetupeleka kwenye mafunzo ya uzalendo, wiki mbili, katika uwanja nje ya mji. Wanaotufundisha ni wanajeshi. Kila kitu ni filimbi na Kiswahili, uelewe usielewe. Kundi letu ni wasichana kumi. Makundi mengine yana watoto waliokulia kambi za jeshi, wao wanaruka mara moja wakiambiwa. Sisi tulikuwa wa mwisho kila mara. Afande akisema lala chini, wenzangu wanatazamana kwanza. Mimi nilisikia vizuri, Mama, lakini nilisubiri nione wengine wanafanya nini, kisha nikachelewa pamoja nao.

"Nyinyi iko namna gani?" afande alikuwa akituuliza. "Masikio naacha kwa mama?" Kisha tunaruka kichurachura kuzunguka uwanja mzima.

Nilikukumbuka wewe kule zahanati, unavyosimama kwenye foleni kuwasaidia akina mama wageni kumweleza muuguzi wanaumwa wapi, hata siku ambayo wewe mwenyewe ni mgonjwa. Niliona haya. Lakini haya haikunifungua mdomo.

Siku ya tatu tulipewa gogo la mkaratusi, bichi, tulipandishe mlimani mabegani. Ampaire, rafiki yangu ninayemsomea kila nikipendacho kitabuni, alikuwa mbele kabisa, nami nyuma yake. Afande alitembea kando ya wale wa nyuma. "Gogo hii hapana matoke!" alipiga kelele. "Hapana pata laini hata nabeba mpaka Krismasi!" Tulicheka kidogo, na mlima ukatunyamazisha.

Tulipofika nusu ya njia akasema, "Badilisha bega!" Waliokuwa nyuma walimwona anavyoonyesha kwa mkono, wakainua. Sisi wa mbele hatukumwona. Mimi nilisikia. Ilitosha niseme neno moja kwa Kinyankore. Nilifungua mdomo, nikafikiri Doreen atasema nini, nikaufunga. Gogo likainama mbele, likateleza juu ya mkono wangu na kumwangukia Ampaire begani.

Hakuvunjika, Mama, usiogope. Ngozi ilitoka na bega likavimba kama kiazi. Afande mwenyewe alimbeba hadi chini, akampa maji kutoka chupa yake. Kisha akatugeukia: "Kesho narudia. Gogo ile ile."

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilimkuta Ampaire kwenye tangi akifua kwa mkono mmoja. Nikamnyang'anya shati nifue mimi. Akasema, "Mbona unalia, bambi, maskini wewe? Sisi wote ni mabubu mbele ya Kiswahili. Si kosa lako."

Hilo ndilo sikuweza kulibeba. Nikamwambia, "Mimi nilisikia. Alisema tubadili bega."

"Ulisikia kabla au baada?"

"Kabla."

"Na hizi siku zote? Tukiruka kama vyura?"

"Zote. Sisi ni Wakongo. Nyumbani ni Nakivale."

Doreen alikuwa upande wa pili wa tangi. "Kumbe tuna mkimbizi!" akasema. Ampaire alichukua shati lake likiwa na povu bado, akaondoka.

Hapa nitoe salamu kabla karatasi haijaisha. Msalimie Baba, na ukiona inafaa umsomee. Msalimie Bibi, umwambie sala zake nazihitaji mwezi huu kuliko yote. Msalimie shangazi anayeuza samaki na wanawe, na mdogo wangu Bahati, asiguse daftari nililoliacha kwenye sanduku. Mchungaji pia. Wewe ulituambia siku ile tunafika Nakivale, "Batoto, kama muko na mudomo, musaidie nao bantu." Nilikuwa mdogo, lakini nilisikia hata hapo.

Asubuhi nilikwenda kwa afande kabla ya filimbi. Nilimwomba nikae mbele kabisa, mahali pa Ampaire, na niwaambie wenzangu kila amri. Alishangaa. "Wewe nasikia Kiswahili? Tangu lini?" Nikasema tangu kuzaliwa. Alinizungusha uwanja mara tatu peke yangu kwa sababu ya hilo, kisha akanipa nafasi.

Alipotoa amri nyuma, niliipigia kelele mbele kwa Kinyankore. Mimi, Mama, ambaye darasani siinui hata mkono! Tulibadili bega mara tano na gogo halikuyumba. Doreen alinifuata neno kwa neno, kwani gogo lilikuwa begani kwake pia. Juu tukalishusha pamoja.

Ampaire alikuwa amepanda nasi mikono mitupu, kwa sababu alikataa kubaki chini. Aliketi peke yake kwenye jiwe. Nikaenda nikaketi hatua chache kutoka kwake. Hakuniita, wala hakuniambia niondoke. Nikamuuliza kama bega linauma. Akasema linauma. Dawa ya kuchua ilikuwa kwa muuguzi, chini kabisa uwanjani. Nikashuka mlima kuichukua, kisha nikapanda tena.

Binti yako,
Faida