Barafu ya Samaki Niliitia Kwenye Juisi

Mpendwa Bi Adventina,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko, maana naandika mistari mitano sita halafu naweka kalamu chini mpaka mkono uache kutetemeka. Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka sabini na tisa, naishi Visiga hapa Kibaha, na kwa miaka thelathini na mbili nilifundisha Sayansi Kimu, yaani upishi, usafi na utunzaji wa chakula, kwa hiyo hili nitakalokueleza sikulifanya kwa kutojua. Daktari ameniambia moyo umechoka na hana dawa ya kuufanya mpya, nami nimemshukuru kwa kunieleza ukweli. Safari yenyewe siiogopi. Kuna jambo moja limenikaa kooni kama mwiba, na mwiba wenyewe ni wa samaki.

Mwanangu Latifu alioa miaka kumi na moja iliyopita, akamuoa binti wa Ujiji, Kigoma, anaitwa Wema. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Chole, kule Kisarawe, na ndugu zake wakasema watakuja Visiga kumwona mkwe na kula chakula cha mkono wake, nawe unajua siku ya namna hiyo ilivyo, mwanamke anaweza kupewa jina likamfuata maisha yake yote. Tukakubaliana awapikie samaki, kwa sababu amezaliwa kando ya ziwa, na kwa sababu jirani yangu Kibwana ana bwawa la perege hapo bondeni, si mbali na mlango wangu. Wakati huo Wema na mume wake walikuwa wanakaa Dar, na siku mbili kabla akanipigia simu.

"Mama, naomba barafu itangulie kufika nyumbani. Na hao sato wasitoke majini mpaka mimi nimefika."

"Huku tunawaita perege, mwanangu."

Akacheka. "Haya Mama, hao perege wasitoke majini mpaka nimefika."

Alisema kwa adabu, lakini mimi nilichomeka, nikajiambia, mwalimu wa somo lenyewe leo naelekezwa na binti wa miaka ishirini na nne. Basi asubuhi ile, jua halijachomoza vizuri, nikamwambia Kibwana awatoe, ili mkwe akija akute kazi imeanza na ajue yuko jikoni kwa nani. Kibwana akaniletea perege kumi na tano kwenye ndoo yenye maji kidogo, bado wanarukaruka, akaniambia, "Mwalimu, usiwacheleweshe hawa, jua la leo halina mchezo." Nikaiweka ndoo kwenye kivuli cha ukuta, na pembeni mifuko miwili ya barafu niliyoinunua dukani.

Sasa hapo ndipo ilipo aibu yangu. Idd iliyotangulia, wifi yangu Hamisa, dada wa marehemu, alionja juisi yangu ya ukwaju mbele za watu akasema, "Wifi, mbona ya moto kama uji wa mgonjwa?" Neno lile nilikuwa sijalisahau, na nilipoiangalia ile barafu nikaona wageni wanatoka mbali, joto kali, na Hamisa yumo, nikaivunja yote nikaitia kwenye ndoo ya juisi, nikasema samaki wana kivuli, watasubiri, nikaenda kutandika mikeka na kuchagua mchele, na kivuli hakikunisubiri mimi. Saa nne niliporudi jua lilikuwa limeikalia ile ndoo, maji yana uvuguvugu wa kuogea, na samaki wote wamelala ubavu. Nilijua pale pale, Bi Adventina, kwa sababu ndicho nilichokuwa nachora ubaoni miaka yote: jicho limefifia, shavu limepoteza wekundu, ukibonyeza nyama kidole kinaacha shimo. Nikakamua malimau manane, nikawapaka na chumvi nyingi, nikafunika na sinia.

Wema akafika, akavua viatu, akaniamkia, akafunua sinia, akainua shavu la samaki mmoja kwa kidole.

"Mama, hawa wametoka majini saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

Akaniangalia. Hakuniangalia kwa jeuri, aliniangalia kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Kisha akasema, "Sawa, Mama," akafunga kanga kiunoni akaanza kupara magamba.

Alifanya kila awezalo, lakini nyama ilimomonyoka kwenye mchuzi na harufu ikafika mkekani kabla ya sinia. Hamisa akasukuma sahani. "Ala! Huyu ndiye binti wa Ujiji? Kumbe ziwa lenyewe mlikuwa mnalionea kwenye kalenda!" Ukumbi mzima ukacheka. Wema alikuwa amepiga magoti na birika la kunawisha mikono, akasema, "Nisameheni, wazee wangu," halafu watu wote wakanigeukia mimi, na nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi tu, "Kosa ni langu," basi, na badala yake nikasema, "Atajifunza tu."

Juisi waliisifu sana. Hamisa alikunywa glasi tatu.

Tangu siku hiyo kule Chole anaitwa Wema wa Kalenda, na tangu siku hiyo hajapika samaki nyumbani kwangu. Hakununa, hakunisema kwa mume wake, hakupunguza shikamoo hata moja. Mwaka jana nilipozidiwa wakahamia hapa, na mikono inayoniogesha ni yake, inayonikanda miguu ikivimba ni yake, na kila asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda ananiuliza, "Mama, leo roho inataka nini?" Nami namjibu, "Chochote, mwanangu," wakati tangu mfungo uishe roho inataka kitu kimoja, perege aliyetoka bwawani saa hiyo hiyo, mchuzi mwepesi, kwa mkono wake. Nitamwombaje?

Wiki iliyopita mjukuu wangu Firdausi, ana miaka tisa, alirudi kutoka harusini Chole akaniuliza, "Bibi, kwani ni kweli mama hajui samaki?" Nikajifanya nimesinzia. Shoga yangu mmoja ananishauri nisifukue kilichozikwa, eti nikimwambia Wema nitamvunja moyo na mimi mwenyewe nitakosa wa kunishika katika siku hizi chache. Je, niseme, au niondoke nalo? Jina langu liandike wazi, nimejificha vya kutosha.

Mimi,
Mwalimu Mwanamkuu, Visiga.

JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Ukishaitikia marahaba, nivumilie, maana nitakugombeza kidogo, na kumgombeza aliyenizidi umri si desturi yangu.

Kwanza, jibu hili nimelituma nyumbani kwako ndani ya bahasha, na gazetini nitalichelewesha wiki tatu. Wema asije akalisoma kwenye karatasi ya kufungia vitumbua kabla hajalisikia kinywani mwako.

Pili, unaogopa kumwambia asichokijua. Mwalimu! Binti wa Ujiji ameinua shavu la samaki kwa kidole chake, akakuuliza saa, ukamjibu, akakuangalia. Anajua. Amejua miaka kumi na moja, na akijua hivyo hivyo anakuogesha na kukukanda miguu. Unaogopa mikono hiyo itakuacha kwa jambo ambalo tangu mwanzo halikuifanya ikuache? Shoga yako mpe chai, ushauri wake mrudishie. Hakijazikwa kitu hapo. Kilichozikwa hakirudi kutoka harusini kikiwa kwenye masikio ya mtoto wa miaka tisa.

Kosa lako si samaki. Samaki kumharibikia mtu ni jambo la kila siku, hata mimi mwaka juzi nilimtupa samaki mzima aina ya changu kwa kumsahau kwenye mfuko wa plastiki. Kosa lako ni yale maneno mawili, "Atajifunza tu," uliyoyasema ukiwa mwalimu, kwa hiyo kila mtu akayaamini. Uliutumia ualimu wako kumtia doa asiye na kosa. Sasa utumie kulifuta.

Kesho asubuhi, akikaa ukingoni mwa kitanda na kukuuliza roho inataka nini, usiseme "chochote". Sema, "Inataka nikuombe radhi," kisha msimulie kama ulivyonisimulia mimi, pamoja na barafu, pamoja na malimau manane, usijipunguzie. Ukimaliza, nyamaza. Akilia, mwache alie. Akitoka nje, mwache atoke, atarudi. Na samaki usimtaje siku hiyo hata kwa bahati mbaya! Radhi na mchuzi haviombwi kwa pumzi moja, atafikiri umemkumbuka kwa sababu ya tumbo.

Lakini hapo utakuwa umefika nusu ya njia. Aliyeaibishwa ukumbini hasafishwi chumbani. Mwambie Latifu awaite watu wa Chole, wale wale waliocheka, na Hamisa akae mbele. Firdausi akae karibu yako kabisa. Waambie kwa kinywa chako kwamba Wema aliagiza barafu na akaagiza samaki wasitoke majini, kwamba wewe ndiye uliyepuuza vyote viwili, na kwamba alijua akakustahi. Kama pumzi ni fupi, andika, Latifu asome, wewe uitikie kwa kichwa. Lile jina la Kalenda lifie hapo hapo.

Je, atakupikia? Sijui. Hiyo ni hiari yake, na asipotaka utakunywa uji wako na kushukuru. Lakini nina mashaka kama mtu anayekuuliza kila asubuhi roho inataka nini atashindwa kupokea jibu la kweli. Siku atakayouliza tena baada ya hayo yote, mwambie, "Sato." Ndiyo, Mwalimu, sema sato. Haitakupunguzia kitu.

Akikubali, safari hii fanya kama ulivyokuwa ukifundisha. Kibwana asiwalishe tangu siku moja kabla, matumbo yawe matupu. Awatoe alfajiri, tena mbele ya macho ya Wema, na wasiachwe kutapatapa ndooni, maana samaki anayekufa kwa kuhangaika nyama yake hulegea mapema. Apigwe kichwani mara moja, akatwe penye shavu damu itoke ndani ya maji safi ya baridi, atolewe matumbo bila kupasua nyongo, asuuzwe upesi bila kulowekwa. Kisha barafu chini, samaki, barafu juu, kwenye chombo chenye tundu ili maji yanayoyeyuka yasimlowanishe. Limau lingoje mpaka sufuria iwe karibu na moto. Limau ni la kukoleza ladha, na wewe unajua ulilitumia kwa kazi gani.

Watu wa Chole waalikwe tena, na Wema ana kazi moja tu siku hiyo, kupika. Barafu utaipanga wewe. Huwezi kusimama, najua. Wakusogezee chombo kando ya kitanda, mkono ukitetemeka utetemeke, uweke kipande kimoja kimoja, wageni wa Chole wakiangalia, mpaka samaki wa mwisho afunikwe.

Na juisi ya ukwaju itengenezwe kama kawaida. Wifi yako akilalamika kwamba ni ya moto kama uji wa mgonjwa, mwambie ni kweli, mgonjwa ni wewe, na barafu yote ya leo ni ya samaki wa Wema.