Baba, Kwaresima Uliyovuka Barabara

Mwaka umezunguka, Baba, tangu Jumatatu ile ya Pasaka ulipotuaga. Sikukuu huhama, safari hii siku yako imetukuta bado tumo ndani ya Kwaresima. Tunaona ndivyo ungependa: utukute tukifunga, si tukilia.

Watu walikuita Kisu, nawe ukacheka. Muuza nyama asiyeonja nyama tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka! Wateja walikutania kwamba unaogopa bidhaa yako mwenyewe. Uliendelea kunoa visu, wenye familia kubwa ukiwaongezea mfupa wa supu, kisha ukarudi nyumbani kula maharage pamoja nasi. Tulipoanza kujisifu kwa njaa zetu, ulitukata kauli: "Tumbo likifunga na mdomo ukabaki wazi, hujafunga. Una njaa tu."

Kwaresima yako ya mwisho daktari alikukataza kufunga, kwa kuwa dawa zilitaka chakula. Mama alidhani utabisha. Ukala, ila ukasema mfungo huuachi, utautafuta kwingine. Ukaupata ng'ambo ya barabara, kwa mdogo wako.

Mlikuwa mmenuniana miaka. Siku moja, akiwa bado anafanya kazi buchani kwako, ulimkaripia mbele ya wateja. Akavua aproni, akaenda kufungua bucha lake likitazamana na lako. Tangu hapo mkawa mnaonana kila asubuhi mkifungua milango, salamu hakuna.

Basi ukaanza kuvuka. Miguu imevimba, fimbo mkononi, pikipiki zinakupigia honi. Unafika mlangoni kwake, unamwuliza ameamkaje. Yeye anakata nyama, hainui kichwa. Unarudi. Kesho yake unakwenda tena. Mwanao wa kwanza alikasirika, akasema unajidhalilisha mtaa mzima ukitazama. Ukamjibu taratibu, "Mtu uliyemwaibisha hadharani, humwombi radhi chumbani."

Jumamosi Kuu miguu iligoma. Ulikaa kitini mlangoni mwa bucha, wateja wa sikukuu wamejaa pande zote mbili. Mara tukamwona Baba Mdogo anatoka kwake, anafuta mikono, anavuka. Alisimama mbele yako kama mtoto aliyetumwa akapotea.

"Kaka, leo hukuja," alisema. "Nimeogopa."

Ulimshika mkono mkaingia ndani, nasi tukabaki kuuza. Mliyoongea hatukuyasikia. Kwenye Misa ya Pasaka alikushika bega mpaka kwenye benchi, na mchana mkala nyama sahani moja, mkigombea mnofu kama zamani.

Siku iliyofuata ukaondoka. Uchungu wa Baba Mdogo ulikuwa mkubwa kuliko wetu, wala hakuuficha. Lakini hakukaa kujilaumu. Bucha lako hulifungua yeye kabla ya lake, mpaka mwanao afike.

Na huyo mwanao, aliyeona unajidhalilisha, amejichagulia mfungo mgumu mwaka huu. Anakwenda kwa shemeji yake, waliyetupiana naye maneno makali siku ya mazishi yako. Bado hajajibiwa. Jana alirudi ameinamisha kichwa, Mama akamwekea chai na kumwambia anywe apate nguvu. Kesho anakwenda tena.

Unakumbukwa na mkeo, mdogo wako, wanao, wakwe zako, wajukuu, jumuiya na jirani zako wote wa sokoni.

Hutoki mioyoni mwetu, Baba. Tunaendelea.