Jina la Khulood

Azaiba, Maskati
3 Februari 2024

Mwanangu Azzam,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti langu. Weye je, na baridi ya huko?

Nnaandika mie kwa sababu mkeo hasemi. Tangu nikuozeshe binti yangu, ukarudi Los Angeles “kwa filamu moja tu”, nimekuona kwenye televisheni mara kumi na moja. Nane umekufa. Mbili ulikuwa dereva. Ya mwisho, mama yako ndiye aliyeapa kuwa ule mgongo ni wako. Mie nilianza sokoni Hamriya na toroli la feni mbovu, leo nna maduka matatu. Naijua biashara isiyokwenda. Njoo umchukue Khulood. Si mzigo wa kuwekwa ghalani.

Mjomba wako,
Msellem

Los Angeles
20 Februari 2024

Shikamoo Mjomba,

Pole na goti. Mie mzima.

Safari hii sifi! Nimepata tamthilia ya vipindi sita, mfanyabiashara wa Kiarabu, na nnasema sana. Mke wangu wa kwenye hadithi hakuwa na jina, mwongozaji akaniambia nichague. Nikampa Khulood, ili asikie anavyotajwa Marekani nzima. Usimwambie. Hii ikisha nakuja, wallahi.

Mwanao,
Azzam

Azaiba
14 Septemba 2024

Azzam,

Wa alaykum salaam. Afya zetu usiulize.

Jana sebule ilijaa watu kuitazama tamthilia yako, mpaka jamaa zetu wa mtaa wa Hail walikuja na haluwa yao. Khulood kavaa nguo mpya. Jina lake lilipotajwa mama yako akapiga kigelegele. Hapo ukamtazama yule mwanamke ukasema, kwa Kiarabu chetu, “Khulood, nimekutaliki.” Mara tatu.

Wamarekani hawajui. Weye hukulelewa kwetu? Hukuambiwa talaka hata mzaha wake ni kweli? Jirani yetu Bi Sayyida alimvuta mwanangu akamfunika ushungi, kama mwenye eda.

Nimekwenda kwa sheikh. Kasema mwigizaji anasimulia maneno ya mwengine, ndoa ipo. Khulood kasikiliza, kaingia chumbani kafunga mlango. Njoo uzungumze naye mwenyewe, wiki hii.

Mjomba wako

Los Angeles
2 Oktoba 2024

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe. Kurasa za talaka zilikuja siku ile ile ya kupiga picha. Nikaogopa kuomba wabadilishe jina, wangeniona msumbufu, na wanaoitaka nafasi yangu wamejaa mlangoni. Nimempigia Khulood, hapokei.

Tamthilia imependwa. Msimu wa pili unaanza Jumatatu. Nikiondoka wananiua kipindi cha kwanza, na sijui nani ataniita tena. Mwambie anisubiri mpaka Machi.

Mwanao,
Azzam

Azaiba
11 Oktoba 2024

Azzam,

Salamu. Tupo.

Nilimfikishia hiyo Machi yako. Hakulia. Kesho yake alimpelekea mama yako mahari yote, bangili na mikufu, akaenda mahakamani kuomba khului, ajikomboe kwa mahari hayo. Nilimkimbilia mpaka kwenye gari: “Mwanangu, sheikh si kasema ndoa ipo?”

“Ipo, Baba. Isingekuwepo ningekwenda mahakamani kufanya nini?”

Nikamfungulia mlango wa gari.

Karatasi zitakufikia. Tia saini, usimpigie. Ukwe wetu umekwisha. Ujomba hauna mahakama. Ungekuwa nayo, ningepanga foleni nyuma ya Khulood.

Mjomba wako,
Msellem