Chafya za Siku za Uduvi

Mjukuu wangu Neema,

Sisi hapa Chikongola hatujambo. Bibi yako anakusalimu sana. Goti limepoa, na jana alikwenda sokoni kwa miguu yake.

Umeuliza kama chakula kinaweza kuzidisha mafua yako ya mzio. Mimi si daktari, ila kwangu kilizidisha. Nilipoletwa huku Mtwara, mwalimu kijana kutoka Singida, nilipiga chafya darasani mpaka wanafunzi wakanicheka. Nililaumu vumbi, na barua ya kuomba uhamisho nilikuwa nimeshaiandika.

Bi Somoe, mama mwenye nyumba, ndiye aliyenipikia. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, nimekuangalia. Kila nikipika uduvi, unashinda na leso puani."

"Lakini mama, uduvi wako mtamu," nikasema kwa haya.

"Utamu gani huo wa kukutoa machozi?"

Akaacha kupika wale kamba wadogo nyumba nzima, ingawa wanawe waliwapenda. Vumbi bado lilinisumbua, lakini mafua yalipungua, nikaweza kusoma hadithi darasani hadi mwisho. Ile barua nikaichana.

Wewe mweleze daktari unachokula na siku unazozidiwa, kabla hujaacha chochote.

Namshukuru Bi Somoe hadi leo. Nilikuwa mgeni, hatukuwa ndugu, naye alikuwa akiniangalia ninavyokula. Mwaka uliofuata, wazazi wangu wakiwa mbali, ndiye aliyekwenda kuniposea bibi yako.

Babu yako akupendaye,
Elia